Kesi ya Saa Kumi

Kila siku saa kumi, biashara ikilegea Luthuli,
kesi hufunguliwa upya dukani kwangu,
kati ya rafu ya spika na meza ya lehemu.

Mlalamishi ni Odera Mahaga, dereva mstaafu wa garimoshi,
aapaye kwamba muziki ulikufa mwaka wa sabini na tisa
na matanga yake alihudhuria mwenyewe.
"Magitaa yalikuwa matatu," huanza, vidole juu.
"La kwanza linauliza, la pili linaitika,
la tatu linapita katikati yao
kama mtoto wa jirani aliyenusa chapati."

Mwikali wa duka la nyaya hamwachi amalize.
Yeye ni wa kanda, wa miaka ya tisini,
wa kutega redio, kidole juu ya kitufe,
ukimlaani mtangazaji anayeropoka juu ya mwanzo wa wimbo.
"Kanda ikitafunwa tuliirudisha kwa kalamu ya biki,
pole pole, kama kumsuka mgonjwa nywele.
Nani leo anauguza wimbo?"

Njambi, mwanagenzi wangu, ana miaka kumi na tisa
na bisibisi nyuma ya sikio kama karani.
Hainui hata kichwa.
"Wazee, hamlilii muziki. Mnalilia magoti yenu."

Hapo wote hunigeukia.
Mimi ndimi hakimu, maana nimepasua
kila kifua kilichowahi kuimba katika mji huu:
redio za mbao za Kaloleni, deki za Ngara,
simu zilizotumbukia chooni Umoja.
Na hukumu yangu haijabadilika miaka thelathini:
enzi ya santuri imeshinda.
Gharama za kesi, yaani chai, zilipwe na Mwikali.

Jumatano iliyopita mjane kutoka Jericho
aliniletea gramofoni ya marehemu, na santuri moja ndani.
Nikaifuta vumbi. Nikashusha sindano.
Odera akafumba macho kabla ya wimbo kuanza.
Ngoma zikaja. Besi ikaja.
Mwimbaji akaja, lakini kama anayeimbia chumba cha pili.
Gitaa la kwanza nililisikia kwa mbali, la pili kwa kubahatisha.
Nikamngoja yule mtoto wa jirani.

Hakuja.

Nikakagua sindano. Nikabadilisha waya.
Nikaigonga kwa ukucha ile spika ndogo ya juu.
"Ya nini?" akasema Njambi. "Iko sawa hiyo. Inalia kama ndege."

Kama ndege.
Ndipo nikakumbuka mluzi wa birika nyumbani,
ambao mke wangu siku hizi hukimbilia peke yake,
na wale ndege wa alfajiri pale Makadara
niliodhani wamehama kwa sababu ya maghorofa.

Jioni, wenye kesi wakiwa wameenda zao,
Njambi akafungulia vitu vyake,
vile ninavyoviita ugomvi wa makopo.
Besi ikaingia kwa sakafu,
ikapanda miguu ya stuli, ikavuka meza,
skrubu zikacheza kisahanini,
ikanibishia mbavuni kama mtu anayejua nipo.
Sikukosa kitu. Wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho,
ulinifikia bila pengo.

"Nipunguze?"
Niliona midomo yake ndipo nikaelewa swali.
"Wacha."

Kesho saa kumi Odera atainua vidole vyake vitatu
nami nitakitazama kile cha tatu kwa muda.
Kisha nitatoa hukumu ileile, kwa sauti ileile,
Mwikali atatukana, atatoa pesa za chai.

Ila nimemwambia Njambi asogeze meza yake
iguse yangu, mbao kwa mbao.
Nimesingizia mwanga.